Mkaa

Bwana Attilio anasema fremu hii ni kaboni.
Nikamuuliza, kaboni ni nini kwa lugha ya watu?
Akafikiri, akakuna kidevu, akasema: mkaa.
Nilicheka hadi spana ikaniponyoka.

Mkaa naujua.
Mkaa ulitoka Bungale usiku, magunia manne
juu ya baiskeli nyeusi ya baba, Chengo wa Mwaringa,
la tano limelazwa kwenye usukani kama mgonjwa,
naye anasukuma, hapandi, anasukuma,
maana baiskeli ile haikuwa na nafasi ya mtu.

Hii naiinua kwa vidole viwili.
Naigonga kwa sarafu, bomba hadi bomba,
kama mama alivyonifunza kugonga nazi sokoni:
hili dafu, hili koroma, hili joya, rudisha.
Ti. Ti. Ti.
Mlio mkavu, mfupi, hauna la kuficha.

Tairi hazina tyubu; ndani mnacheza ute mweupe
kama utomvu wa mnyaa, mwiba ukiingia tundu linajiziba.
Siti inazama kwa kubonyeza kidole gumba.
Shokapu ya mbele na ya nyuma, chakula chao upepo tu,
lakini kabla ya kuzijaza unaulizwa: una kilo ngapi?
Sijawahi kuulizwa hivyo na chombo.
Hamsini na sita, nikajibu, pampu mkononi.

"Kaijaribu, Mbeyu. Usiihurumie."

Nikaenda nayo Marafa.
Nyuma ya kwa kina Nyevu njia ya mbuzi inashuka
kuelekea Nyari, ukingoni, ambako ardhi imemegeka
nyekundu, waridi, nyeupe, kama ufizi na meno.
Mizizi. Changarawe. Ngazi zilizochongwa na mvua.
Niliachia breki.
Jiwe likaja, likapita chini yangu kama habari za jirani.
Likaja la pili. Magoti yalijua, baiskeli ilijua zaidi:
ikainama, ikameza, ikainuka,
na mbuzi mmoja akanitazama, jani mdomoni,
nilivyopiga ukelele ambao si jina la mtu yeyote.

Nilirudi kwa barabara ya baba.
Kwenye kona ile uma wa baiskeli yake ulikatika,
magunia yakapasuka, na kabla hajasimama
nusu ya kijiji kilikuwa kimeinama kinamsaidia kuokota.
Siku tatu watu walipika bure.
Yeye alikuwa akisimulia kama kichekesho,
mpaka kikohozi kimkatize.

Jioni nikaiosha, nikaifuta, nikaigonga tena.
Ti. Ti.
Halafu chini, karibu na ekseli ya pedali:
tu.
Rangi haijachanika. Hakuna jicho litakaloona.
Nikagonga kwa ukucha, kwa funguo, nikabadilisha sarafu.
Tu.
Labda ni lile jiwe la pili. Labda ilikuja nayo kwenye sanduku.
Bei yake ni nyumba na kisima
na ada ya Kadzo mpaka amalize chuo,
na mimi nalipwa kwa siku.

Kitambaa kilikuwa mkononi. Ningeweza kuitundika.

Ila kule hospitali, wodi ya wanaume,
daktari alimkalisha baba amempa mgongo,
akalaza kidole ubavuni, akakigonga kwa kingine,
akashuka hivyo, ubavu hadi ubavu,
na mimi niliyesimama na chupa ya uji
nikasikia mahali mlio ulipobadilika.
Daktari naye alisikia. Mkono ulisita.
Akasema, "Si kitu, mzee. Punguza tu kubeba."

Nikaweka kitambaa chini.
"Bwana Attilio," nikaita, "njoo na miwani yako.
Au iache.
Lete sikio."