Nyuma ya Karatasi ya Masikio

Bi Zdenka,
uliponifungia katika kile chumba chako chenye kuta za sponji
ukasema nibonyeze kitufe kila nisikiapo mlio,
nilibonyeza mara chache kuliko ulivyotarajia.
Nilikuona kupitia kioo. Ulikunja uso.
Kalamu yako ikashuka, ikashuka,
kama lifti ya mgodi ikiwafuata watu wa zamu ya usiku.

Ukauliza: "Bwana Hynek, ni kelele za kazini?"
Nikasema la, mimi fundi saa.
"Basi kelele gani?"

Swali hilo nimelingoja miaka thelathini!
Mke wangu hakuniuliza. Jirani wa chini aliuliza kwa mpini wa ufagio.
Wewe ulikuwa na kalamu. Nikaiomba.

Usianze na Zamu ya Tatu.
Kila mtu hapa Ostrava atakuambia uanze nao.
Ni wazuri, sikatai,
ila huko ni kumfundisha mtu kuogelea
kwa kumsukumia mtoni mwezi wa Januari.

Anza na Kutu, wale wawili wa Katowice, dada na kaka,
waliopiga pipa la mafuta kwa mnyororo wa baiskeli
hadi pipa likaungama.
Upande wa pili, kipande kisicho na jina,
dakika ya nne: pana kimya pale.
Kimya kile kina uzito kuliko magitaa yote.

Ukikimudu, nenda kwa Kamati ya Moshi.
Nami niliwaokota tu: kaseti bila jalada,
imesahauliwa kwenye kiti cha tramu.
Niliitia mfukoni kama mwizi, nikaipiga jikoni.
Ndi! Ndi! Kwa-kwa-kwa, ndi!
Baba, mfua chuma wa miaka ishirini na saba,
akaacha kijiko ndani ya supu.
"Hiyo nyundo namba nne," akasema. "Nani kaniibia nyundo yangu?"
Karakana ilikuwa imefungwa tangu vuli.
Supu ikapoa.
Akasikiliza hadi mwisho, akaniamuru nigeuze upande.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.
Hawakusema kitu kuhusu debe lililojaa
wanaume walioachishwa kazi siku moja.

Kuna na Mama Mkwe wa Chuma, wa Ljubljana.
Mwimbaji wao, nasikia, ni mwalimu wa chekechea;
ananguruma kama zege likimwagwa.
Hao ni wa kupigia pasi.

Na besi, Bi Zdenka, usiisikilize kwa sikio.
Kaa juu ya spika.
Mifupa haipimwi kwa kitufe.

Ulisoma yote, midomo ikicheza.
Ukakunja karatasi mara nne,
ukaniandikia vifaa viwili vya rangi ya ngozi,
nirudi baada ya miezi mitatu.

Leo nimerudi.
Hukuuliza kama vinawasha, wala kama betri zinadumu.
Ulifunga mlango, ukanivalisha yale makubwa ya kichwani.
"Hawa wangu," ukasema. "Wa Brno. Wanawake watatu na cherehani. Huwajui."

Sikuwajua.

Kwanza ilikuja ngurumo, niliyoitarajia,
ukuta wa magitaa, bati likichanwa,
mtu akilia au akicheka chini ya daraja.
Halafu, katikati ya vurumai lile, chembamba,
kama mtu anayepita sokoni na glasi iliyojaa maji:
tik, tik, tik,
sindano ikitoboa kitambaa.

Bi Zdenka, nimeshika saa za watu mkononi
mwaka wa sita huu, nikizisoma kwa macho,
nikiwarudishia wenyewe na kusema "inapiga vizuri"
bila kuwa na hakika.

Hukuwa umeniambia nibonyeze kitufe.
Nikabonyeza.
Tik.
Nikabonyeza tena.