Saizi Tisa

Bwana Tebbutt hakupenda kuitwa shujaa.
Ukimwita hivyo, pale kiwandani Hinckley,
aliinama kukagua mshono wa kisigino
kana kwamba umemtajia hitilafu.

Mimi nilikuwa mpakiaji, meza ya tatu,
jozi kumi na mbili kwa boksi.
Vidole vyake viwili viliishia vitani, kwenye baridi,
visiwa vya kondoo na upepo, kusini kabisa,
basi kalamu ilimponyoka.
Akaniomba nimchapie kitabu.
Jioni, mashine zikishazimwa,
yeye anasema, mimi nagonga herufi,
chai yake inapoa.

Hesabu alizitaja bila haya:
mkopo uliokataliwa mara nne,
mashine kuukuu kwa bei ya chuma chakavu,
mke aliyeondoka na mbwa.
Duka la kwanza. La kumi na moja.

Sura ya sita ikatukwamisha.
"Andika: miguu yangu ilianza kuoza kwa maji.
Andika: Emrys Bevan alinipa soksi kavu."
Nikaandika *alinipa*.
Akanyamaza. Bomba la joto likagonga mara mbili.
"Futa. Maiti hampi mtu kitu.
Alikuwa amezibadilisha alfajiri ile ile.
Andika *nilimvua*."

Kwetu husema kikulacho ki nguoni mwako.
Chake kilimkaa soksini miaka arobaini,
kikajenga ghala,
kikaajiri watu tisini, nami nikalipa kodi ya nyumba.

Desemba humpati ofisini.
Yuko Leicester, nyuma ya stendi ya mabasi,
amepiga magoti mbele ya mtu aliyelalia kadibodi.
Hampi mkononi. Anamvalisha,
anavuta hadi juu ya kifundo,
analainisha mkunjo wa vidoleni.
Mpiga picha wa gazeti alimfuata mara moja,
akarudi na picha ya mgongo.

Kitabu kilitoka. Watu wanasifu sura za biashara.
Ya sita ina ukurasa mmoja na nusu.
Nakala ya kwanza ilikwenda Wales, kwa dada wa Emrys,
pamoja na jozi ya sufu ya kijivu, saizi tisa.
Niliifunga mimi.

Machi ikaja bahasha laini, bila barua:
soksi zile zile, zimevaliwa, zimefuliwa,
kisigino kimoja kimetililiwa kwa uzi mwekundu.

Bwana Tebbutt huvaa kumi na moja.
Akavua viatu pale pale, kati ya maboksi.
Zilimbana.
Hakuzivua hadi kengele ya jioni.