Karai la Udongo

Msimu ule maharage yaliniozea chini.
Ukivuta shina, linakuja bila mizizi,
jeusi kama utambi ulioungua.

Nikapanda Munanila kwa wifi yangu Ntakije,
shamba lake haliugui,
nikaomba karai moja la udongo.
Akacheka hadi akakaa:
"Wenzio huomba chumvi, wewe vumbi?"

Si vumbi, wifi. Mna wenyeji humo.
Bwana shamba alinionyesha kwa hadubini:
vijidudu, vingi, havina macho,
vimebanana kwenye unywele wa mzizi
kama ndoo kisimani mwezi wa nane;
ugonjwa ukija unakuta pamejaa.
Vingine huupigia mzizi hodi,
na jani, huko juu, likajifunga mkanda mapema.

Nikatia kiganja kila shimo.
Karai likaishia mstari wa nne.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa nadhani walilishika usiku uleule.

Leo mistari minne ina maua.
Wa tano umelala,
na wa sita, na ule wa mpakani.
Sikurudi na karai la pili,
nilikionea haya kile kicheko.

Kesho napanda tena.
Nabeba ndoo.