Walihesabu Kila Kitu

Walikuja Ijumaa, tukikaribia kufunga,
wanaume kumi, wanawake wanne, masanduku ya kukunjwa kwapani,
wakafunga mlango wa mbele wa Benki ya Wafumaji
pale Dalton, Georgia, mji wa viwanda vya mazulia,
nami bado nimeshika noti za ishirini.

Benki hufa Ijumaa.
Jumatatu hufufuka na jina jingine,
saa ileile ukutani, imechelewa dakika nnenne zilezile.

Usiku kucha wakahesabu.
Sarafu, viti, kalamu zilizofungwa minyororo,
hata peremende za limau kwenye bakuli.
Wakafungua jalada la Verlene Tidmore:
rehani ya miaka thelathini, imebaki kumi na mmoja.
Wakahesabu kurasa zake, arobaini na mbili.
Wakalifunga.

Ningesema nini?
Kwamba mwezi Machi, kiwanda kilipopunguza zamu,
Verlene aliketi pale, kiti cha pili,
na Royce Hatcher, meneja wetu, akamwambia,
"Lipa nusu mpaka Krismasi. Nyumba haiguswi.
Nusu nyingine, ezekea lile paa linalovuja."
Wakapeana mikono.
Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nagonga mihuri.
Nilimwona Verlene akivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta,
akaivaa tena,
kama mtu anayetaka kuliona neno vizuri.

Hatcher hakuandika.
Katika mji ule, kuandika mlichokwisha kupeana mikono
kulikuwa kama kumhesabia mgeni vipande vya nyama.

Barua ya mfilisi ilifika katikati ya matangazo ya magodoro:
Unayeidai benki iliyofungwa, leta dai lako
ndani ya siku tisini.
Verlene akaibandika kwenye friji, chini ya sumaku ya jogoo.
"Mimi sidai," akaniambia. "Mimi nadaiwa."
Hakujua kwamba ahadi nayo ni dai,
nayo ina tarehe yake ya kuchacha, kama maziwa.

Ilipokuja notisi ya mnada, akaenda mahakamani kuuzuia.
Nikaitwa. Nikaapa. Nikasema yote, na miwani, na sweta.
Wakili wa benki mpya hakunibishia;
hilo ndilo lililonikata maini.
Aliuliza tu, kwa adabu, akisoma kutoka kwenye kadi:
Yaliandikwa?
Bodi iliyapitisha?
Yamo kwenye kumbukumbu za kikao?
Yamo katika zile kurasa arobaini na mbili?

Hapana.
Hapana, bwana.

Jaji akanitazama muda mrefu.
"Nakuamini, Bi Crumley," akasema,
"lakini mfilisi husoma jalada. Hana masikio."
Na kama Hatcher alikuwa anamhadaa tu yule mama?
Jibu lingekuwa lilelile.
Benki ingalikuwa hai, lile neno lingekuwa ngao,
tungegombana juu yake, tushinde au tushindwe.
Benki imekufa, na ngao imekuwa pumzi.

Ahadi ni deni, sawa.
Lakini deni la marehemu halipi nani,
ikiwa mrithi amebeba nyumba
na kuuacha ulimi kaburini?

Mimi bado niko kaunta ileile, chini ya kibao kipya.
Mteja akianza, "Meneja aliniambia..."
namsukumia karatasi kabla hajamaliza.
Wengine huniona sina utu.

Jumapili nilipita kwa Verlene. Kwa Verlene, nasema bado;
yeye yuko Chattanooga, kwa dadake, analala sebuleni.
Mvua ilikuwa inapiga. Kibao cha mnada kimelala kwenye majani.
Nilisimama barazani, nikachungulia dirishani:
sakafu tupu, alama ya kochi ukutani,
na dari kavu.
Nilikaa mpaka mvua ikakatika.
Paa lile halikuvuja hata tone.