Nembo

Kibanda cha Mchopa, nyuma ya stendi ya Newala:
mia mbili dakika kumi,
mia tatu msimu wa korosho,
maana malipo ya kwanza yakitoka
hata mtoto wa mchunga mbuzi ni tajiri hadi Ijumaa.

Runinga moja, pedi mbili, moja imefungwa raba.
Ukiwasha, kwanza inakuja nembo ya waliotengeneza:
inazunguka, inameta, inanguruma kidogo,
na wavulana wote wananyamaza kama wanaoombewa dua.

Kisha chagua mtu.

Wanaume kumi na mmoja wenye taya,
kila mmoja na jina, na mji aliozaliwa, na kisasi chake.
Mwanamke mmoja.
Deraya yake ya chuma ilifika kifuani ikachoka,
tumbo wameliachia upepo.
"Huyo mchague wewe, Somoe," anasema Nnunduma,
"mwanamke mwenzio. Ila hafiki mbali."

Nikamchagua. Nikamfikisha mbali.
Nilimvusha mto, nikamvusha daraja la kamba,
kiuno kikiyumba hata akiwa amesimama,
hata akivuja damu,
mpaka msituni, hatua ya saba.

Hapo ngoma inalia.
Hapo anatoka yeye: mweusi wa masizi, miguu peku,
hana jina juu ya kichwa
pale wenzake wote walipoandikwa.
Ana sauti mbili, ya kushambulia na ya kufa.
"Choma! Choma!" wanapiga kelele nyuma yangu,
na kidole gumba kilishafika kwenye kitufe
ndipo nikaona mashavu.

Mistari mitatu iliyovunjika viwiko, ikifuatana.
Nukta pembeni.
Mashavu ya bibi.
Mashavu ninayoyapaka mafuta ya nazi kila Alhamisi.

Nikafa. Wakacheka mpaka benchi likalia.
Nikalipa tena, nikafa tena,
safari hii kwa makusudi, nimeshusha upanga,
nione kama atasema neno.
Siku ya tatu nikamzunguka, nikapita nyuma yake
kutafuta anakotoka.
Hakuna. Ukuta umepakwa rangi ya miti.
Hawakumchorea nyumba, wala chungu,
wala mtu wa kumuuliza mbona umechelewa.

Nilimkuta bibi anabangua korosho,
vidole vimeungua kwa mafuta yake. Nikamweleza.
"Umelipa mia mbili kumpiga bibi yako?
Ungenipa mimi, ukanipiga hapa hapa."
Kisha, baada ya korosho nne hivi:
"Kanionyeshe."

Akaja. Yeye ambaye, akiwa na umri wangu,
alipanda Shimo la Mungu usiku, mtungi kichwani,
kwa kuwa huku juu maji yalikuwa hadithi,
akakalia kreti la soda la Mchopa
na kanga yake ya kwendea msibani.
Tundu la ndonya likatabasamu kabla ya mdomo.

Ngoma ikalia. Akatoka yule.
Bibi akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.
"Ngoma hiyo si ya kwetu. Anayeipiga ana haraka, anadaiwa."
Akamgusa shavu kwa kidole:
"Na huyu nani kamchanja? Mkato umegeuzwa, unatazama chini.
Mimi alinichanja Nambela, kwa jogoo na chumvi,
nikauma kitambaa, sikulia.
Kila mkato una mwenye wembe wake.
Muulizeni huyu, wake ni nani."

Hakuna aliyeuliza.
Nnunduma alitazama kioo, akamtazama bibi, akatazama kioo,
akaionea aibu miguu yake, akaificha chini ya benchi.
Mchopa akajifanya anarekebisha waya.

Kwenye runinga, yule na mwanamke wangu wamesimama.
Mmoja anahema, mmoja kiuno kinayumba.
Hawana la kuambiana, hawakupewa.

Dakika zikaisha.

"Rudisha," akasema bibi, akifungua fundo la kanga,
"hatujamaliza kumtazama."