Jicho la Kushoto

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Nakuru, mtaa wa Shabab,
meza ya jikoni iligeuka ramani:
chupa ya chai ndiyo Eldoret, kisahani cha chumvi Kericho,
na pale pembeni, karibu na kiwiko cha Amugune,
ganda la yai lilikuwa nyumbani, Chavakali.

"Kapsabet," alisema Amugune. "Nasema kwa hesabu, si kwa mapenzi."
Akaburuta kijiko kutoka kwenye chai kuelekea yai.
Mideva alikuwa amekwisha kataa kwa kichwa kabla kijiko hakijafika.
Timboroa asubuhi ni ukungu, alisema,
unaendesha kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya wageni.
Tushukie Kericho, Awasi, Ahero,
tunywe kitu Kisumu, tupande Kiboswa jua likipoa.
"Na trekta za miwa?"
"Trekta za miwa zina breki."
"Nani kakwambia?"

Mimi ndiye dereva. Nilikuwa nahesabu mashimo.
Daktari alikuwa ameandika: asitikiswe, asipigwe na vumbi.
Hakuandika ni barabara gani.

Maana abiria wetu alikuwa shangazi Kasandi,
siku ya nne tangu atolewe mtoto wa jicho.
"Mtoto gani huyo," alimwambia nesi,
"miaka sita kwangu, hajateka hata maji."
Sasa jicho la kushoto lilikuwa wazi, jekundu kidogo, lina njaa.
Lilikuwa limesoma kwa sauti kibandiko cha mtungi wa gesi,
na kalenda ya duka la mbegu, mwezi baada ya mwezi,
kisha likamjulisha Mideva, bila kuulizwa, kwamba amezeeka.

Amugune alipochoka alitupa kijiko.
"Njia mbili zilimshinda fisi."
Shangazi, tuliyedhani kalala, akajibu kutoka chumbani:
"Fisi alifuata pua. Mimi nina jicho.
Nipitisheni Londiani."

Londiani kuna nini?
Kuna mwanamke aliyemuuzia beseni,
mwaka wa pili wa giza.
"Nilimwambia nataka la buluu. Akanishika mkono,
akauweka juu yake: hili hapa, mama, buluu tupu."
Miaka minne akaogea buluu.
Alikuja nalo hadi hospitali, na nguo zake ndani.
Juzi bandeji ikatoka, akalitazama.
Pinki.
Tena pinki iliyochujuka.

"Utamfanya nini?" aliuliza Mideva.
"Nitamtazama."

Saa kumi na mbili tukaondoka, beseni mapajani mwake.
Salgaa malori yalikuwa bado yamelala ubavu kwa ubavu.
Mlima wa Sachangwan niliupanda kwa gia ya pili
nyuma ya shehena ya saruji,
na kiti cha nyuma kikatusomea dunia:
Viazi. Hoteli. Punguza mwendo. Kanisa. Viazi.
Mbuzi, huyo hakuandikwa, lakini nimemwona.
Halafu Viazi tena, kwa sauti ndogo,
halafu hakuna.

Mau Summit niliwasha taa ya kushoto, nikatazama kioo.
Amelala. Mdomo wazi,
jicho jipya limefungwa kama duka siku ya mazishi.

"Kata kulia basi," Amugune alinong'ona. "Ataamkia nyumbani.
Hata hatajua."
Nilimgeukia Mideva.
Mideva alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, upande huu na upande huu.

Niliegesha kando ya mama mmoja aliyepanga karoti kwenye gunia.
Nikazima injini. Taa nikaisahau, ikaendelea,
tik, tik, kushoto, kushoto,
huku malori yakitupita yakienda kote kuwili.
Amugune alishuka kununua karoti ambazo hakuzitaka.
Ukungu ulikuwa bado haujainuka
na mimi, kwenye kile kioo kidogo,
nililitazama lile beseni kwa muda mrefu.
Ningeapa ni la buluu.