Chumba cha Ndani, Wete

Simu kumi na moja kapuni, mlangoni,
na saa ya Bwana Kombo inayomhesabia mapigo ya moyo.
Hata ufunguo wa gari. Nasema: hata huo.
Wananicheka. Natia komeo.

Kuta zina masikio, tuliambiwa;
siku hizi masikio yana betri.
Napitisha kipimo changu chini ya meza,
nyuma ya kalenda, ubavuni mwa chupa ya chai.
Kimya.
Kisha mshale unaruka,
unaruka kila ninapomkaribia Maalim Faki,
katibu, kalamu mkononi.

Kifaa cha sikioni. Kidogo kama kunde,
kinanong'ona na hewa.

Anakivua mwenyewe, anakiweka kiganjani mwangu,
kingali na joto.
"Haya, nani ataandika?"

Wanatazamana. Kanuni haikulisema hilo.
Basi navutiwa kiti, miye fundi,
nisiyeruhusiwa kuijua hata ajenda,
nimwandikie Maalim kila litamkwalo,
naye alinakili kwa hati yake nzuri.

Tangu siku ile hewa ya chumba ni safi.
Cha kuvuja kimebaki kimoja:
kina jina langu,
na kila jioni kinarudi nyumbani kwa miguu.